Magazini za ziada, vibanio na vifaa vyake: vina maana jeshini na nyumbani, au ni mapambo tu?

Mwinyi wa Fuoni
Assalaam aleikum wanabaraza. Shemeji yangu anaishi Columbus, Ohio, kwa miaka mingi sasa, na hivi karibuni amenunua bunduki aina ya AR-15 kwa mujibu wa sheria za huko, kwa sababu mtaa wao umeanza kuingiliwa na wezi usiku. Tokea ainunue hana mazungumzo mengine isipokuwa vifaa vya magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachopachikwa kwenye bunduki. Amenitumia orodha yake: magazini za plastiki za kampuni ya Magpul, kibanio cha kuunganisha magazini mbili ubavu kwa ubavu, kifuniko cha chini chenye kitanzi cha kuichomolea magazini, magazini ya duara ya risasi 60, na kifaa cha kujazia risasi ili kidole gumba kisiumie. Ananiuliza mimi kwa kuwa anajua ukoo wetu una askari wengi, nami nimemjibu kwamba vyote hivyo ni vikorokoro vya kumtoa mtu pesa. Dai langu nalileta hapa lipingwe: bunduki nzuri haihitaji kifaa chochote cha ziada kwenye magazini, iwe ni ya jeshi au ya kulinda nyumba. Askari wa kwetu wamekwenda vitani na magazini ya chuma isiyo na pambo lolote, na wakarudi.

Karafuu ya Wete
Waaleikum salaam. Shemeji yako ametafuta mchezo wa kuchezea na wewe unamharibia. Tuwasubiri wenye kujua, kwa sababu mimi silaha yangu ni komeo la mlango na jirani asiyepata usingizi.

Mstaafu wa Mtoni
Waaleikum salaam. Nilikuwa jeshini wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, na nimeishika SMG, kama tunavyoiita bunduki ya aina ya AK, na magazini zake za chuma kwenye mvua, tope na vumbi. Kijana wangu Mwinyi, nusu ya dai lako naikubali na nusu naikataa.

Ninayoikubali ni kwamba magazini ya chuma ya SMG, ile ya risasi 30, ni kitu kigumu kweli. Ikiwa tupu ina uzito wa karibu gramu 330 na ikijazwa inafika kama gramu 820, uzito ambao askari huulaani njia nzima lakini huushukuru pale magazini inapoanguka juu ya jiwe na kuokotwa ikiwa nzima. Ninayoikataa ni hiyo kauli kwamba hatukuwa na kifaa cha ziada. Mkanda wa kifuani wa Kichina, ule wa turubai wenye mifuko mitatu ya magazini mbele na vijifuko vidogo pembeni, unaofungwa kwa vijiti badala ya vifungo vya chuma, ni kifaa cha magazini vilevile, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Askari aliyelala kifudifudi anahitaji kuipata magazini kwa mkono bila ya kuitazama, na asiyekuwa na pahala maalumu pa kuiweka huishia kupapasa majani huku wenzake wanamngoja.

Jambo la pili ambalo vijana hawalijui ni kwamba bunduki inapokwama, mara nyingi mkosaji ni magazini, na ndani ya magazini mkosaji ni ile midomo yake ya juu inayoishika risasi. Midomo ikipanuka kidogo tu, risasi hupanda ikiwa imeinua pua kupita kiasi au hutoka mbili kwa pamoja. Na midomo haipanuki yenyewe. Hupanuliwa na watu wanaogongea vitu, wanaofungulia makopo, na wanaoitupa magazini ndani ya gari kama wanatupa kuni.

Mzanzibari Ughaibuni
Shukran, mzee wangu Mstaafu. Kuna kisa maarufu kinachounga mkono maneno yako. Bunduki ya Galil ya Israel iliwekewa kifungulio cha chupa sehemu ya mbele, pale miguu yake inapokunjwa na kushikiliwa, na sababu inayotolewa ni kwamba askari walikuwa wakifungulia chupa za soda kwa midomo ya magazini mpaka zikaharibika.

Karafuu ya Wete
Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha ziada anachohitaji shemeji wa Mwinyi ni kifungulio cha chupa. Uzi ufungwe.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Uzi haujafika hata kizingitini. Mzee Mstaafu ameeleza midomo vizuri, lakini ameiacha springi, na mimi springi ndizo zinazonilisha.

Watu wengi huamini kwamba magazini ikikaa imejaa kwa miezi springi yake inachoka, na kwa ajili hiyo wapo wanaozimwaga risasi kila wiki na kuzijaza tena. Chuma cha springi kilichopikwa vizuri, kikibanwa ndani ya kiwango chake, hakichoki kwa kukaa. Kinachokichosha ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi, au kubanwa kupita kiwango kilichotengenezewa. Springi za daladala hazifi gari inapolala gereji na mzigo. Zinakufa barabarani, kwenye mashimo. Kwa hiyo anayemwaga na kujaza kila wiki kwa nia ya kuipumzisha springi ndiye anayeichosha. Shemeji ajaze magazini yake, aiache, na pesa za springi za akiba azitumie kwa jambo jengine.

Mstaafu wa Mtoni
Fundi, heshima yako ipo, lakini nimefungua kwa mikono yangu magazini zilizokaa ghalani zikiwa zimejaa, na springi zake zilikuwa zimelala. Risasi za mwisho zilikuwa hazisukumwi hata kidogo. Ufundi wako utalieleza vipi hilo?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Ama chuma chenyewe hakikupikwa sawasawa tokea kiwandani, ama ilikuwa ni kutu. Springi yenye kutu hupungua unene, na ikipungua unene hupungua nguvu, hata kama haijawahi kutumika.

Mstaafu wa Mtoni
Kutu ningeliiona.

Baharia wa Mkokotoni
Mzee wangu, kutu ya ndani ya magazini haionekani mpaka uifungue chini na uitoe springi yote. Nimefanya kazi ya ulinzi kwenye vyombo vya baharini, na naweza kusema kwamba kwa visiwa hivi vyetu adui wa magazini si midomo wala springi, ni chumvi. Upepo wa kaskazi unapovuma, chumvi inaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Chuma kinashika kutu, na hata alumini, ambayo watu huisifu kwamba haishiki kutu, hutoa unga mweupe na kuvimba vijipele mahali ilipogusana na chuma chengine.

Linalofuata ndilo linalowaponza wengi. Mtu akiona kutu hukimbilia mafuta, akaimwagia magazini ndani kama anakaanga samaki. Mafuta hayo hukamata mchanga na vumbi, yakageuka uji, na kibao kinachobeba risasi ndani kikaanza kugoma. Mafuta yakizidi huweza pia kupenya kwenye fataki iliyopo kitakoni mwa risasi na kuiua. Magazini inafutwa kwa kitambaa chenye harufu tu ya mafuta, halafu inafutwa tena kwa kitambaa kikavu. Kwa hali ya pwani ningemwambia mtu achague plastiki yenye springi isiyoshika kutu, na asione haya.

Pweza Mkavu
Baharia, wewe ni wa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo?

Baharia wa Mkokotoni
KMKM ni timu yangu uwanjani Amaan. Mengine hayahusiani na uzi huu.

Pweza Mkavu
Basi tumeelewana. Mimi ni wa JKU, na msimu haujaisha.

Mzanzibari Ughaibuni
Naomba niliongezee hilo la plastiki, kwa sababu historia yake inaipinga kauli ya Mwinyi kwamba haya ni mapambo. Kampuni ya Magpul ilianzishwa 1999 na mtu aliyekuwa askari wa Kikosi cha Majini cha Marekani (Marines), na bidhaa yake ya mwanzo ilikuwa ni kile kile kitanzi cha mpira kinachovikwa chini ya magazini ili iwe rahisi kuichomoa mfukoni. Magazini yao ya plastiki ilitoka 2007. Mwaka 2012 Kikosi cha Majini kiliwapiga marufuku askari wake kuzitumia, na mwishoni mwa 2016 kikosi hicho hicho kikaziruhusu baada ya majaribio. Jeshi haliruhusu pambo baada ya kulikataa.

Kwa nini zilipendwa? Magazini za zamani za alumini za bunduki ya M16 zilikuwa na kibao cha ndani kinachoinama mbele au nyuma risasi zinaposukumwa, na kikiinama risasi inakwama. Magpul walitengeneza kibao kisichoinama. Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo halikukaa kimya, kwani 2009 lilileta magazini iliyoboreshwa yenye kibao cha rangi ya udongo, na miaka kadhaa baadaye ikaja nyengine yenye kibao cha buluu. Kwa hiyo, Mzee Mstaafu, si kila kukwama ni midomo, wala si springi peke yake. Kuna kuinama kwa kibao.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Kibao kinainama kwa sababu springi haikisukumi sawa pande zote mbili. Tumerudi kwangu.

Mzanzibari Ughaibuni
Hatukurudi. Ukitia springi mpya chini ya kibao kibaya, kitainama vilevile, kwa kuwa miguu yake ni mifupi na nafasi ndani ya sanduku ni kubwa. Na hata ukivirekebisha vyote viwili, kuna suala la magazini kukaa vizuri kwenye bunduki yenyewe. Waingereza walipoanza kutumia bunduki yao ya SA80, kitufe cha kuachia magazini kilikuwa kimejitokeza kiasi kwamba kikigandamizwa na mwili wa askari anapotembea, magazini huanguka chini. Ikabidi wakizungushie ukingo. Baadaye, bunduki zilipofanyiwa marekebisho makubwa na kampuni ya Heckler & Koch, magazini nazo zikabadilishwa. Askari aliyedondosha magazini porini hawezi kuambiwa kwamba springi yake ilikuwa nzima.

Msomaji wa Nyaraka
Nimeupenda uzi huu, na naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu ubishi wa kama magazini ni faida au ni anasa ni wa zamani. Bunduki ya Lee-Metford, iliyoingia katika jeshi la Uingereza 1888, ilikuwa na magazini, lakini pia ilikuwa na kibati kinachoizibia magazini hiyo ili askari atie risasi moja moja kwa mkono na kuiweka akiba iliyomo ndani kwa saa ya hatari. Wakubwa walihofia kwamba askari akiachiwa magazini atafuja risasi. Kibati hicho kiliendelea kuwepo hadi Vita Vikuu vya Kwanza, ambapo kiliondolewa ili kurahisisha utengenezaji. Hapa kwetu, tarehe 27 Agosti 1896, kasri ya Mji Mkongwe ilipopigwa mizinga na vita vikamalizika kabla ya saa moja kutimia, hofu hiyo ya kufuja risasi bado ilikuwa ndani ya bunduki za Waingereza wenyewe.

Kuna pia suala la kujaza pungufu, yaani kutia risasi chache kuliko uwezo wa magazini. Bren, bunduki rashasha iliyobebwa na askari wa King's African Rifles, ilikuwa na magazini ya risasi 30, nayo kwa kawaida ilijazwa 28.

Mstaafu wa Mtoni
Hilo nalijua kutoka kwa wazee walionifunza. Walitwambia ni kwa ajili ya kuihurumia springi.

Msomaji wa Nyaraka
Mzee wangu, hiyo ni sababu moja, na vitabu vinaitaja. Sababu ya pili ni kwamba risasi za .303 zina ukingo kitakoni, na ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, mbili hizo hushikana na bunduki inakwama. Magazini ikijazwa hadi mwisho, uwezekano wa kukosea mpangilio ni mkubwa zaidi na risasi hazina nafasi ya kusogea.

Mzanzibari Ughaibuni
Ila desturi hiyo ipo hata kwa risasi zisizo na ukingo. Wamarekani huko Vietnam walizitia 18 katika magazini za 20, na mpaka leo wapo wanaotia 28 katika 30 na sababu yao ni nyengine kabisa. Magazini iliyojaa pomoni ni ngumu kupachikwa pale bolti ya bunduki ikiwa imefungwa mbele, kwa sababu risasi za juu hazina nafasi ya kushuka hata kidogo. Mtu huigonga, akadhani imeshika, kumbe haikushika. Magazini za kisasa nyingi zimeachiwa nafasi hiyo, kwa hivyo hutiwa 30 bila ya tabu.

Karafuu ya Wete
Sababu tatu kwa risasi mbili. Endeleeni, mimi naandika.

Mgeni Mpya 77
Wakuu, naomba kujua mtu anaweza kupata wapi hivyo vifaa hapa Unguja.

Msimamizi
Jibu ni fupi. Bunduki za kivita na magazini zake hazimilikiwi na raia hapa nchini, na hata bunduki ya kuwindia inataka leseni. Uzi huu ni wa mjadala, na ombi lolote la kununua au kuuza litafutwa pamoja na mwenye kuliandika. Tuendelee.

Bi Mkubwa wa Bububu
Wanangu, nimewasoma tokea juu mpaka chini na sijaona hata mmoja aliyeuliza nani wamelala ndani ya nyumba hiyo ya Ohio. Mnapima midomo, springi na chumvi, na shemeji wa watu hayumo vitani. Mwinyi, ana watoto?

Mwinyi wa Fuoni
Anao watatu, Bi Mkubwa, na wa mwisho bado hajaanza skuli.

Bi Mkubwa wa Bububu
Basi magazini ya duara ya risasi 60 anataka kuifanyia nini katika ukumbi wenye watoto watatu? Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala kwa miaka, akipewa bunduki ya SAR, na aliporudi nyumbani bunduki ilibaki kazini. Siku zote akisema kwamba mwizi wa usiku hangoji mapambano. Akiona mwanga na kusikia sauti ya mtu aliye macho, huondoka. Mimi ningemwambia anunue taa ya nje yenye kuwaka yenyewe, abadilishe mlango wa nyuma, na bunduki aifungie kwenye sanduku la chuma. Magazini iwe nje ya bunduki, na ufunguo awe nao yeye.

Mzanzibari Ughaibuni
Bi Mkubwa amesema la maana, na kuna jambo la ujenzi linalompa nguvu. Nyumba zetu za mawe na chokaa zina kuta za kusimamisha karibu kila kitu, lakini nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa vyumba kwa mbao na bodi nyembamba za jasi. Risasi ya 5.56, ile ya AR-15, iliyokosa mwizi inapita ukuta huo na kuendelea hadi chumba cha pili, na inaweza kufika kwa jirani. Kila risasi ya ziada ndani ya magazini ni risasi ambayo mwenye nyumba atawajibika nayo pale itakapotua.

Kuhusu sheria, amshauri asinunue kwa kufuata video za mtandaoni. Sheria ya jimbo la Ohio haiweki kikomo cha idadi ya risasi kwenye magazini, ingawa jiji la Columbus lilipitisha chake 2022 na kikapingwa mahakamani, kwa hiyo aulize kwanza; na akisafiri na bunduki yake mambo yanabadilika. Colorado imeweka kikomo cha 15 tokea 2013, California ni 10. Na kati ya 1994 na 2004 sheria ya nchi nzima ilizuia kutengeneza na kuuzia raia magazini mpya za zaidi ya risasi 10.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Nakubaliana na Bi Mkubwa juu ya sanduku la chuma, ila hilo la magazini kukaa mbali linazungumzika. Mtu aliyeamka usingizini, mikono inatetemeka na giza limetanda, akianza kutafuta magazini katika droo moja na ufunguo katika droo nyengine, hana bunduki, ana fimbo ya bei ghali. Afadhali sanduku linalofunguka kwa namba au alama ya kidole, bunduki na magazini vikiwa pamoja ndani yake.

Bi Mkubwa wa Bububu
Mwanangu, hiyo mikono inayotetemeka gizani ndiyo hoja yangu mimi, si yako. Mtu wa namna hiyo ndiye asiyetakiwa kuipata haraka.

Pweza Mkavu
Bi Mkubwa anaongoza bao moja kwa bila.

Baharia wa Mkokotoni
Kwa yeyote atakayeiweka magazini ya plastiki ikiwa imejaa kwa muda mrefu, kuna kifaa kimoja kidogo ambacho hakikutajwa na kina maana. Magazini za Magpul za matoleo mengi huja na kifuniko cha juu, na kazi yake si kuzuia vumbi peke yake. Kinazikandamiza risasi chini ili zisiisukume midomo, kwa sababu plastiki, tofauti na chuma, inaweza kujikunja taratibu ikisukumwa mfululizo. Tahadhari nyengine kwa watu wa mbu: dawa za kujipaka zenye DEET zinayala baadhi ya mapulastiki, hasa yale ya kuonesha ndani. Aliyejipaka dawa anawe mikono kabla ya kushika magazini ya kuonesha ndani.

Karafuu ya Wete
Turudi kwenye kibanio cha kuunganisha magazini mbili. Hilo nililiona kwenye filamu tu, na nadhani hakuna jeshi la maana linaloruhusu upuuzi huo.

Mzanzibari Ughaibuni
Yapo. Magazini za G36 ya Ujerumani zina vishikizo ubavuni vya kuunganishia magazini na magazini, na za SIG 550 ya Uswisi zinavyo vilevile. Hawakuviweka kwa ajili ya filamu.

Mstaafu wa Mtoni
Tutofautishe. Kuunganisha zote mbili midomo ikiwa juu, kwa vishikizo vya kiwandani, hilo naweza kulifikiria kwa mlinzi wa geti au aliye ndani ya gari. Tulilolikataza sisi ni lile la kuzifunga kwa utepe, moja kichwa juu na moja kichwa chini. Askari akilala kifudifudi, midomo ya ile ya chini inachimba mchanga. Anapoigeuza kwa haraka anaingiza ndani ya bunduki kila alichokichota ardhini. Halafu uzito: magazini mbili za SMG zilizojaa ni zaidi ya kilo moja na nusu, zimening'inia pahala pamoja, na bunduki inaelemea upande.

Hiyo ya duara ni hivyo hivyo. Ile ya risasi 75 ya bunduki rashasha ya RPK ikijaa inapita kilo mbili, inagonga kila kitu njiani, na kuijaza ni kazi ya kukaa chini. Askari wa miguu anafaa zaidi na magazini za 30 zilizogawanywa mwilini. Wamarekani wenyewe hupanga mzigo wa kawaida kuwa magazini saba za 30, yaani risasi 210, na magazini moja ikiharibika zimebaki sita. Ya duara ikiharibika umebaki na nini?

Karafuu ya Wete
Vishikizo vya kiwandani ni jambo moja na utepe ni jambo jengine, na mimi nilikuwa nazungumzia utepe.

Pweza Mkavu
Uliandika "kibanio", sheikh. Kiko hapo juu, wala hakijafutika.

Mwinyi wa Fuoni
Nimemsomea shemeji sehemu kubwa ya uzi huu. Ya duara ameiacha kwa hoja ya mzee Mstaafu, ingawa mke wake anadai ni kwa hoja ya Bi Mkubwa. Kibanio bado anakitaka. Kitanzi cha chini anasema ni bei ndogo kwa hiyo atanunua tu. Swali lake sasa ni moja: atajuaje kwamba magazini fulani ni mbovu, ikiwa nyie wenyewe hamkubaliani kinachoiharibu ni nini?

Mstaafu wa Mtoni
Aziandike namba kwa rangi, kila moja na namba yake chini. Akiwa kwenye uwanja wa shabaha na bunduki ikakwama, atazame namba. Namba ile ile ikijirudia kukwamisha, magazini hiyo aikanyage na aitupe, asimpe mtu mwengine wala asiihifadhi kwa ajili ya mazoezi. Magazini mbovu huwa na tabia ya kurudi kundini.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Kabla ya kuikanyaga aifungue. Achukue springi yake na springi ya magazini nzima ya aina ile ile, azilaze mezani bega kwa bega na apime urefu. Ile mbovu ikiwa fupi zaidi, mzee Mstaafu ataniwia radhi kwa suala la midomo. Na ikiwezekana anifanyie jaribio: anunue magazini mbili za pakiti moja, moja aijaze na aiache, nyengine aiweke tupu, na mwakani azipime zote mbili.

Baharia wa Mkokotoni
Jaribio la Ohio halitatusaidia kitu. Columbus iko bara kabisa, haina hata harufu ya bahari. Springi hiyo itakaa salama muongo mzima, halafu utakuja kutwambia kwamba umeshinda.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Kwani yeye analinda nyumba ya Mkokotoni?

Msomaji wa Nyaraka
Apime na midomo pia, kwa kipimo cha fundi chuma, magazini zikiwa tupu. Bila ya hivyo tutakuwa tumepima hoja ya Fundi peke yake.

Mwinyi wa Fuoni
Nimemuandikia yote. Amejibu kwamba kipimo cha fundi chuma anacho, na anauliza springi apime ikiwa imeshikana na kibao chake au ikiwa peke yake.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Peke yake. Kibao ni cha Ughaibuni.

Mzanzibari Ughaibuni
Apime na kibao, pamoja na nafasi iliyopo kati yake na ukuta wa sanduku, mbele na nyuma. Nitamtumia mchoro.